Nyumba-Mnara ya Uskoti Iliyochongwa Tabora: Tathmini ya Modeli ya Mninga

Karakana moja ya useremala iliyoko Isevya, Tabora, inauza modeli mbili za mbao kwa ajili ya shule na vyuo vya ufundi: nyumba-mnara ya Uskoti ya mwishoni mwa karne ya 16, yaani nyumba ya mawe ya ghorofa iliyojengwa kama mnara, na tembe la Unyanyembe la karne ya 19, nyumba ya udongo yenye vyumba vinavyozunguka ua. Zote zimetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 50, maana yake sentimita 2 za modeli ni mita 1 ya jengo. Mnara peke yake ni shilingi 150,000, tembe 110,000. Ukichukua zote mbili ni 240,000. Tathmini hii inauangalia zaidi mnara, kwa sababu huo ndio mgumu kutengeneza, tena mwalimu wa Tabora au Kigoma hana jengo la namna hiyo la kwenda kuwaonyesha wanafunzi wake. Tembe analo: la Kwihara liko kilomita chache tu kutoka mjini.

Kuziuza mbili pamoja ni wazo zuri sana. Zote ni nyumba za kuishi zilizojengwa kwa hofu ya kuvamiwa, wala si ngome za jeshi. Na zinakutana kwenye historia: David Livingstone, Mskoti, alikaa kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1871, watu wa Mirambo walipoivamia na kuichoma Tabora, mwandishi wa habari Henry Stanley alitobolesha matundu ya bunduki kwenye kuta za udongo za tembe hilohilo. Alichokifanya kwa haraka, adui akiwa karibu, ndicho waashi wa Uskoti walichokuwa wakikipanga ndani ya mawe tangu siku ya kuchimba msingi.

Mnara unakuja vipande vitano vinavyopandana: ghorofa ya chini yenye stoo, ukumbi, chumba cha kulala, sehemu ya juu ya ukuta, na paa. Vipande vinne vya kuta vina kimo cha sentimita 7.2, 7.8, 6 na 5. Jumla 26, yaani mita 13 za jengo halisi. Jengo kuu ni sentimita 24 kwa 16, na bawa la mraba la sentimita 9 limechomoza kwenye kona moja, hivyo ukilitazama kutoka juu unaona herufi L. Kuta za chini zina unene wa sentimita 2.6, sawa na mita 1.3. Fundi hakutumia ubao mmoja mnene. Amegundisha mbao mbili za mninga, na kati yake amechonga nafasi ya choo cha ukutani chenye mfereji wa kushukia chini, pamoja na vikabati viwili. Hapo ameelewa jambo ambalo wengi hulikosa: ukuta wa mnara ni sehemu ya makazi. Choo, kabati, kiti cha dirishani, hata ngazi, vyote hukaa ndani ya unene wake, ndiyo maana nyumba yenye chumba kimoja tu kwa kila ghorofa iliweza kuitosha familia.

Anza kuusoma mnara mlangoni, kama mgeni. Mlango ni mmoja tu, na umewekwa kwenye kona ya ndani, pale bawa linapokutana na jengo kuu. Hapo ndipo penyewe. Anayegonga mlango huo ana ukuta kulia na ukuta kushoto, na tundu la bunduki kwenye bawa linamtazama ubavuni. Umbo la L lilimpa mwenye nyumba vyumba zaidi, na papo hapo likampa mlinzi wa mlango. Minara ya awali ya mstatili mtupu haikuwa na nafuu hiyo. Ililazimika kumpiga adui kutoka juu. Waskoti walikwenda mbali zaidi wakaweka mabawa mawili kwenye kona zinazotazamana, kama Claypotts karibu na Dundee, jengo lenye tarehe 1569 na 1588 zilizochongwa kwenye mawe yake. Pale kila bawa linalinda pande mbili za jengo kuu, na tundu moja la bunduki limepitishwa hata nyuma ya jiko la kupikia.

Matundu ya bunduki ya modeli hii yamechongwa sawasawa: mdomo mpana nje, koo jembamba katikati ya ukuta. Mpigaji anaweza kuelekeza mtutu kulia na kushoto bila kujionyesha. Chukua kijiti cha kiberiti, kipitishe kutoka ndani, kizungushe. Utaona jinsi kinavyolifikia eneo lote la mbele ya mlango. Kwa mwanafunzi, zoezi hilo la dakika mbili lina faida kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Nyuma ya mlango wa mbao kuna lango la nondo ambalo Waskoti huliita yeti. Modeli inalo, sentimita 4 kwa 2, la waya wa milimita moja na nusu, limetundikwa kwenye bawaba mbili na linafunguka. Kazi ni safi, ila kuna kosa la maana. Waya zimesukwa juu na chini kama mkeka. Yeti halisi haikusukwa: mhunzi aliupanua kila ufito akatoboa jicho, na ufito mwingine ukapita ndani ya jicho hilo. Zaidi ya hapo, kwenye robo mbili za lango zinazotazamana kwa mshazari fito za wima ndizo zinazotoboa za mlalo, na kwenye robo mbili nyingine mambo yamegeuzwa. Matokeo yake lango haliwezi kufumuliwa kwa kuvuta ufito mmoja mmoja, kwa sababu kila upande unakwamisha mwingine. Lililosukwa kama mkeka, mtu mwenye mtaimbo na subira atalifumua. Greenknowe, mnara wa umbo la L wenye tarehe 1581 juu ya mlango, bado una yeti yake mahali pake. Nyingi za mpakani mwa Uskoti na Uingereza zilipotea baada ya amri ya mwaka 1606 iliyotaka ziondolewe zikafuliwe kuwa vyuma vya plau. Kwa kipimo cha 1 kwa 50 si rahisi kutoboa macho kwenye waya, lakini fundi anaweza kutengeneza kipande kimoja kikubwa cha kushika mkononi, cha 1 kwa 10, chenye fito nne kwa nne. Tungemwomba aongeze hicho, hata kwa shilingi 15,000 zaidi.

Ukipita yeti unakutana na ngazi ndani ya bawa. Ni vipande 18 vya mninga vyenye umbo la kipande cha keki, kila kimoja unene wa milimita 4, vimepangwa kuzunguka kijiti cha katikati. Hesabu inakaa: 18 mara milimita 4 ni sentimita 7.2, kimo kilekile cha ghorofa ya chini, na kila hatua ni sentimita 20 za kweli. Katika jengo halisi hakuna nguzo ya kati iliyosimamishwa peke yake. Kila jiwe la ngazi huchongwa likiwa na duara kwenye ncha yake nyembamba, na maduara hayo yakipandana ndiyo yanakuwa nguzo, huku ncha pana ikizikwa ukutani. Jiwe moja ni hatua, ni nguzo, na ni dari ya anayepita chini yake. Kutoka ukumbini kwenda juu, modeli inabadilisha ngazi: ile pana ya bawani inaishia hapo, na nyembamba zaidi inaendelea ndani ya kimnara kidogo kilichobebwa na mawe yaliyochomoza ukutani. Ndivyo minara mingi ya wakati huo ilivyokuwa. Aliyeingia kwa nguvu hadi ukumbini bado ana mlango mwingine na ngazi nyingine, nyembamba zaidi, mbele yake.

Kijitabu cha kurasa 12 kinachokuja na modeli kinasema ngazi huzunguka kufuata mshale wa saa ili mlinzi aliyeko juu autumie vizuri mkono wake wa kulia wenye upanga. Hadithi hiyo imeenea mno, lakini ushahidi wake ni hafifu, na zipo ngazi nyingi za kale zinazozunguka kinyume. Sentensi hiyo ifutwe. Ulinzi wa ngazi ni wembamba wake: wavamizi ishirini wanakuwa mmoja mmoja, haijalishi inazunguka upande gani.

Rudi chini uinue kipande cha ukumbi. Dari la stoo ni la mawe, limepinda kama nusu ya pipa. Fundi amelitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 3 aliyoipasua mistari kwa ndani ili ikubali kupinda, kisha akajaza juu kwa unga wa mbao na gundi hadi kupata sakafu bapa. Njia hiyo ni sahihi, na hata mantiki ya ujenzi imefuatwa, kwa sababu kwenye jengo lenyewe mabega ya tao hujazwa kifusi cha mawe na chokaa. Tao linavuka upande mfupi, nafasi ya mita 5.4 kati ya kuta ndefu, kama inavyopasa. Tao husukuma kuta kwa nje. Ndiyo maana kuta ndefu za chini haziwezi kuwa nyembamba hata kama hakuna adui. Na faida yake kubwa ni moto. Adui akifanikiwa kuwasha stoo, mawe hayaungui, na walioko juu wana muda. Sakafu za juu ni za mbao, boriti zikilala kwenye mawe yaliyochomoza. Modeli inaonyesha hivyo pia.

Madirisha ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Yote kumi na moja yana ukubwa mmoja, sentimita 2 kwa 3. Dirisha la mita 1 kwa 1.5 kwenye stoo ya nyumba-mnara ni mlango wa pili! Chini panatakiwa nyufa za wima, upana wa milimita 2 hadi 3 kwenye modeli. Ukumbini ndipo madirisha yanapokua, yakiwa na viti viwili vya mawe vinavyotazamana ndani ya unene wa ukuta, na hata hayo huwekewa nondo. Chumbani yanaweza kubaki yalivyo. Kurekebisha ni rahisi: ziba matundu matatu ya chini kwa vipande vya mninga, gundisha, piga msasa, kisha pasua ufa kwa msumeno mwembamba. Nusu siku inatosha.

Kosa la pili ni mabomba ya moshi. Jiko la ukumbi liko ukuta wa mashariki, la chumba cha juu liko magharibi, na juu ya paa kuna chimni moja tu, mashariki. Moshi wa chumbani unakwenda wapi? Kila jiko lina bomba lake linalopanda ndani ya ukuta hadi chimni, kwa hiyo ama liongezwe chimni la magharibi au jiko la chumba lihamie mashariki, likipishana kidogo na la ukumbi ili mabomba yapite sambamba.

Juu, pembetatu za ukuta chini ya paa zimekatwa ngazi-ngazi, mtindo unaoitambulisha Uskoti mara moja. Kila kidato ni milimita 5. Vimnara vidogo vya duara kwenye kona viwili vimechongwa kwa mashine ya kukereza na vimekaa vizuri. Paa limefunikwa vipande vya ngozi ngumu vilivyokatwa kama vigae vya mawe. Tulitegemea plastiki, kwa hiyo ngozi imetufurahisha.

Kuta za nje zimepakwa gundi, zikarushiwa mchanga uliochekechwa, kisha chokaa. Hiyo ndiyo njia ya Waskoti wenyewe kwa udogo wake: chokaa yenye changarawe hurushwa ukutani kwa mwiko, haipakwi, ishike kila pango la mawe. Mwalimu asiliache somo hili lipite. Mnara wa Craigievar, uliokamilika mwaka 1626, ulikuja kufunikwa katika karne ya 20 kwa plasta yenye saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Maji yakipenya kwenye ufa hubaki nyuma yake, na ukuta unalowa ndani. Kati ya 2007 na 2009 plasta hiyo iling'olewa, chokaa ikarudishwa. Mafundi wa Tabora wanaijua adha hiyo kwenye matofali ya udongo: plasta ya saruji inakaa misimu michache, ikianza kutoa sauti ya utupu ukiigonga, inadondoka kama gamba na kuondoka na uso wa tofali. Ukuta unaovuta unyevu unataka plasta inayouachia.

Ua ni kosa la hesabu. Mnara umezungushiwa ukuta wa sentimita 5, yaani mita 2.5 tu. Sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 1535 iliwataka wenye ardhi ya thamani ya pauni mia moja maeneo ya mpakani wajenge ua wa mawe na chokaa wenye futi 60 kila upande, unene wa eli moja na kimo cha eli sita. Eli ya Uskoti ni karibu sentimita 94. Kwa modeli hii basi ua uwe na sentimita 36.6 kila upande, unene wa 1.9, na kimo cha 11.3. Tofauti ni kubwa kwa macho: ua wa kweli unakaribia nusu ya kimo cha mnara. Ulikuwa wa kuingizia watu na mifugo wakati wa hatari, na ng'ombe ndio walioibwa kwenye uvamizi wa mpakani, kwa hiyo ukuta wa kuruka kwa mkono mmoja hauna kazi. Kijitabu nacho kinasema sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha minara. Sivyo. Threave, kwenye kisiwa cha mto Dee, ulikuwa umesimama tangu karne ya 14, na sheria yenyewe ililazimisha ua. Mnara uliachwa kwa hiari ya mwenyewe.

Sasa mbao zenyewe. Mninga hucheza kidogo sana majira yakibadilika, na kuta zimetulia. Tatizo ni sakafu za ukumbi na chumba, ambazo ni za paini. Zimekatwa kubana kabisa ndani ya kuta. Kuanzia Novemba mvua zikianza Tabora paini inavimba, na kipande cha ukumbi kinakwama hadi ukivute kwa nguvu; ukivuta vibaya unang'oa kimnara cha ngazi, maana kimeshikwa na gundi tu. Kiangazi sakafu hizohizo zinaacha mwanya. Dawa ni plaiwudi ya milimita 4, ikatwe ikiacha nafasi ya milimita 1 kila upande, na kimnara kipigwe vijiti viwili vya milimita 3 kabla ya gundi. Umaliziaji wa ndani ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa kwa kitambaa, ambayo Tabora haina uhaba nayo, na inafaa kuliko vanishi: ikichubuka unapaka tena palepale.

Tembe tunalipitia kwa ufupi. Ni sentimita 50 kwa 40, vyumba vikizunguka ua, ukuta wa nje hauna dirisha, lango moja. Mpango ni sahihi. Paa limelazwa bapa kabisa, na hilo halikubaliki. Paa la udongo linahitaji mteremko wa angalau sentimita 3 kwa kila mita, na mifereji ya mbao inayochomoza nje ya ukuta. Kwenye chumba cha mita 4, modeli iinuliwe karibu milimita 2.5 upande mmoja. Udongo uliosindiliwa wa unene wa sentimita 20 una uzito unaozidi kilo 300 kwa mita moja ya mraba ukiwa mkavu, na ukinywa maji unaongezeka. Maji yakituama, boriti zinaoza kwenye ncha zilizomo ukutani, mchwa wanamalizia, na paa linashuka lote kwa pamoja. Fundi aongeze pia boriti: zimepangwa kila mita 1 ya kweli, wakati mzigo huo unataka karibu nusu ya nafasi hiyo.

Ziweke modeli mbili mezani zikiwa zimefunguliwa, upime kwa uzi. Ukuta wa nje wa mnara pamoja na bawa ni kama mita 49 kuuzunguka. Wa tembe ni mita 90, na wote uko chini, kila mita inahitaji mtu wa kuilinda. Mnara watu sita wanaweza kuushika. Lakini tembe linaingiza wapagazi, mizigo na mifugo kwa usiku mmoja, na linajengwa kwa udongo na miti iliyopo hapohapo. Wala kimo hakikuwaokoa wenye minara mbele ya mizinga: Borthwick, wenye kuta nene kuliko minara mingi, ulisalimu amri kwa Oliver Cromwell, jenerali wa Uingereza, mwaka 1650, na kovu la risasi za mizinga bado linaonekana ukutani. Huku kwetu, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani ndani ya boma lake Januari 1893 aliilipua ghala ya baruti akiwa humo. Kijitabu kingetaja yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Kwa chuo cha ufundi, nunua zote mbili. Kwa shule ya sekondari yenye fedha ya modeli moja, chukua mnara, kwa sababu milango, yeti, ngazi na dari lake la mawe vinafundisha kwa mkono, na makosa tuliyoyataja yanarekebishika kwa zana za kawaida. Oda inachukua wiki tatu. Unapoagiza, mpe fundi vipimo vya ua na vya nyufa za stoo kwa maandishi kabla hajakata mbao, na umwambie sakafu ziwe za plaiwudi.

Ikiwa mzigo unakwenda Kigoma kwa treni, usikubali mnara ufungwe ukiwa umesimama mzima. Una karibu kilo tano, na mtikisiko wa safari unatosha kukata viungo vya gundi. Kila kipande kifungwe peke yake kwa gunia jepesi, paa na vimnara vya kona viwe kwenye boksi dogo lenye maranda ya mbao, na yeti itolewe kwenye bawaba zake ibandikwe kwa utepe ndani ya kijitabu. Ukifika, acha vipande vyote wazi chumbani siku tatu vizoee hewa ya ziwani ndipo uvipandanishe.